Pampu ya Jakuzi Si ya Kutupwa

Jumatatu, 3 Machi
Leo natimiza miaka thelathini na minne ugenini. Zawadi niliyopewa ni amri! Binti yangu, mwenye nyumba na mwenye jakuzi, lile beseni kubwa la maji moto lililoko uani, amesema pampu ikiendelea kunguruma hadi Jumamosi, jakuzi linauzwa. Majirani wamechoka. Na mimi je? Jioni zangu zote zimo ndani ya maji yale, mimi na shemeji, kaka wa marehemu mke wangu. Ndiye mtu wa mwisho aliyebaki anayeijua nyumba nilimozaliwa. Jakuzi likiuzwa, atakuja kufanya nini? Kunywa chai? Chai anayo kwake.

Jumanne, 4 Machi
Fundi amekuja. Hakuvua hata koti. Akasikiliza kidogo, akasema beringi zimekwisha, tununue mpya. Nikamuuliza kama haitengenezeki. Akasema itatengenezeka, mzee, lakini itakuwa kumpaka poda mgonjwa mahututi. Mahututi! Pampu ina miaka saba. Mimi nina sabini na sita. Kwa hesabu yake ningekuwa nimetupwa zamani. Nimemwonyesha mlango, kwa heshima.

Shemeji naye, msaliti, yuko upande wa fundi. Eti mpya! Mtu ambaye redio yake ameifunga kwa kamba ya kiatu!

Jumatano, 5 Machi
Nimeitengeneza mwenyewe. Nilizima umeme kwanza, si mjinga. Nikafungua, nikasafisha, nikapaka grisi, nikaikalisha pampu juu ya vipande vya kandambili ili isitetemeke. Kandambili za mkwe wangu. Hazivai mara nyingi. Skrubu moja ilibaki. Viwanda vina ubadhirifu. Nikawasha. Kimya! Nimewaalika wote kesho jioni waje kushuhudia.

Alhamisi, 6 Machi
Fedheha. Tuliingia majini binti, mkwe, shemeji na mimi. Mngurumo hakuna. Povu hakuna pia. Joto, hakuna. Maji yamelala kama uji wa jana. Pampu haikupona, ilikuwa haizunguki kabisa.

Shemeji, meno yakigongana, akasema, “Kimya kweli, shemeji. Hata mimi nikifa nitatulia hivihivi.”

Binti alicheka hadi akakohoa. Mkwe hakucheka, alikuwa anatafuta kandambili. Mwishowe binti akasema ananihurumia, jakuzi litabaki, lakini pampu mpya inakuja, na fundi ni yuleyule. Kuhurumiwa! Katika uzee huu!

Jumamosi, 8 Machi
Fundi ameifunga. Asante nimeisemea moyoni.

Jioni tukaingia, mimi na shemeji. Povu tele, sauti hakuna. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, nikasikia vizuri anachosema shemeji majini.

“Basi nikate tiketi mbili, za mwezi wa sita?”

Nikauliza tiketi za wapi. Akanitazama kama niliyemkanyaga. Za nyumbani, akasema. Si tulishakubaliana? Kila jioni ananiuliza kama turudi, na kila jioni naitikia kwa kichwa.

Naam, niliitikia! Pampu ilikuwa inanguruma, na masikio yangu hayahitaji kujadiliwa na mtu. Nilidhani anasimulia mpira. Kumbe ameshauza kabati. Ameshamwagiza binamu yake apake rangi chumba. Chumba cha watu wawili!

Nikamwambia nyumba yetu ilibomolewa, na wote walioniita kwa jina la utotoni wako makaburini. Isipokuwa yeye.

“Sasa mimi nirudi peke yangu,” akasema, “nikakae na nani?”

Akatoka majini, akaondoka na taulo langu.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji hakuja. Uani kimya cha kukera. Hiki ndicho walichokitaka!

Nimempigia fundi, nikamwomba aitoe hii mpya, anifungie tena ile ya zamani iliyoko stoo. Akauliza kama naumwa. Mtu hata hajui kazi ya pampu! Basi, nitaifunga mwenyewe. Bisibisi ninayo, na ile skrubu iliyobaki nimeitunza, nikiirudisha itanguruma tena.

Nimempigia na shemeji. Amesema atakuja kesho, kwa sharti tulizungumze lile jambo hadi mwisho. Nimemjibu vizuri sana, tutalizungumza majini. Aseme apendavyo, nami nitaitikia kwa kichwa.

Lakini kurudi, sirudi.