Picha Imeboreshwa: Hotuba ya Kufungua Kituo cha Tiba kwa Sanaa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa shughuli hii, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya mwenyekiti kupata udhuru. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye pia ni mimi. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, Kamati ya Mapokezi na ile Kamati ya Kuratibu Kamati. Mganga Mkuu wa hospitali hii, madaktari, wauguzi, wagonjwa wa kulazwa, wagonjwa wa nje, na nyinyi wengine ambao kwa mwendo tunaokwenda nao mtaugua hivi karibuni: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mgonjwa aliyefungwa plasta mkono mmoja anajipiga pajani.)

Ndugu zangu, leo tunafungua Kituo cha Kimkakati cha Tiba Shirikishi kwa Njia ya Sanaa, na kabla sijakifungua naomba mnipigie makofi ya awali, maana wazo hili nililipata mwenyewe, bafuni, bila mshauri mwelekezi. (Makofi ya awali.) Tiba kwa sanaa ni nini? Wataalamu wanasema ni pale mtu mwenye jambo zito moyoni, lisilosemeka kwa mdomo, anapopewa karatasi, rangi au udongo wa mfinyanzi, akaketi na mtu aliyesomea, akalitoa kidogo kidogo. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi serikalini tumeichukua dhana hiyo, tukaifanyia semina, warsha, kongamano, na ziara ya mafunzo katika hoteli yenye michoro mizuri sana ukutani, na tathmini inaonyesha kwamba asilimia mia moja na nne ya wagonjwa wameridhika, hao wanne wakiwa wameridhika kabla hawajaugua. (Vicheko. Mheshimiwa anadhani ni shangwe, anainama kushukuru.)

Hapa naomba nimtambue mtaalamu wetu, yule ambaye wagonjwa humwita Dada Rangi. Dada, hebu simama. (Sauti kutoka nyuma: "Nimesimama, Mheshimiwa. Viti vimeisha.") Safi sana. Dada huyu amesomea taaluma hii kwa miaka mingi, na serikali, kwa kuthamini elimu yake, imemwajiri katika kada ya mafundi rangi, ndiyo maana leo asubuhi mmemwona akipaka chokaa mawe ya njia niliyopita. Mawe yamepona kabisa! (Mganga Mkuu anakohoa.)

Sasa nije kwenye ushahidi. Hapa mbele ameketi mtoto wa miaka tisa na mama yake, muuza mitumba. Nyumba yao iliungua, na bibi wa mtoto hakutoka, jambo la kusikitisha ambalo tumeliingiza kwenye takwimu. Tangu siku ile mtoto hajatamka neno. Amekuwa akija kwa Dada Rangi kila Jumatatu, kwenye stoo ya mashuka, akichora nyumba ileile, nyeusi, isiyo na mlango. Wiki iliyopita, naambiwa, akachora mlango. (Mama: "Ndiyo, baba. Na mtu mlangoni. Dada kasema tusimwingilie, atatuambia mwenyewe ni nani.") Ahsante mama, nilikuwa nakuja hapo.

Picha yenyewe hii hapa, nimeitia fremu. Lakini mimi, ndugu zangu, ni kiongozi mwenye jicho. Nilipoletewa niliona moshi mwingi mno, jambo lisilotoa taswira chanya kwa wafadhili, nikamwelekeza ofisa wangu wa habari aiboreshe. Kwa hiyo moshi umefutwa, pamewekwa jua na maua, na yule mtu wa mlangoni, ambaye hakuwa amekaa vizuri, sasa amevaa suti na anawapungia mkono wananchi. Mnanitambua? (Msaidizi anaanzisha makofi, hayaitikiwi. Mama ameinuka: "Mmemfuta! Mmemfuta kabla hajatuambia ni nani!")

Mama, tulia, kipengele cha maswali kipo baada ya chakula cha meza kuu. (Dada Rangi: "Mheshimiwa, picha ya mgonjwa haiguswi. Hata mimi siisemei, namuuliza mwenyewe." Mtoto amegeuza kiti, ameipa meza kuu mgongo.) Mnaona? Tayari ameanza kujieleza! Hiyo ndiyo impakti tunayoizungumzia, iandikwe kwenye ripoti.

Na hatuishii hapo. Katika mwaka ujao wa fedha kila kaya itapata penseli moja kwa mzunguko, na kifutio kitabaki ofisini kwangu. Wenye majonzi makubwa watajisajili kwenye mfumo, mfumo ukikubali. Wenye majonzi madogo watavumilia kwanza ili kupunguza msongamano. (Mama hajaketi: "Mimi nauliza kitu kimoja tu, Mheshimiwa. Jumatatu mwanangu aende wapi? Stoo nimekuta ina kufuli.") Swali zuri sana, linaonyesha elimu ya uraia imewafikia. Stoo ile haikuwa na hadhi ya tiba, mama, na isitoshe tumehifadhi humo jiwe la msingi, lisije likaibwa kabla hatujapata kiwanja.

Nikisema "Sanaa!" mseme "Tiba!" Sanaa! (Watu watatu: "Tiba.") Nikisema "Maumivu!" mseme "Yameratibiwa!" Maumivu! (Sauti kutoka dirisha la wodi ya wanaume: "Yapo palepale!") Mmejitahidi.

Kwa kumalizia, nawashukuru waliochora ramani ya kituo, walioichora upya, na waliozipoteza zote mbili. Nawashukuru wafadhili wetu, ambao kesho watapelekewa picha hii ya mtoto iwe kumbukumbu yao ya kudumu. Na kwa namna ya pekee kabisa namshukuru mwenye turubai hili, aliyekubali kwa moyo mweupe liwe kituo chetu hadi saa kumi, atakapolihitaji kwa harusi. Hivyo natamka rasmi kwamba kituo kimefunguliwa, na wote wanaohitaji kupona wapone kwa kuzingatia muda. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Mama, nimetazama saa, mwanao bado ana robo saa nzima. Mhimize aseme.