Viota Vyekundu vya Mama Mkwe

Habari aliileta Spika, kahawa haijapoa. Tunamwita hivyo maana ghorofa lake la kufugia mbayuwayu, wale ambao viota vyao vya mate huliwa kwa bei ya dhahabu, linapiga sauti za ndege kutwa nzima, mji wote wa Sampit hatusikilizani.

"China wamerudisha kontena la viota vyekundu," akasoma kwenye simu. "Vimekutwa na naitraiti."

"Ndo mdudu gani?"

"Sumu."

"Kidogo ama nyingi?"

"Ya kurudisha kontena."

Tukamgeukia Rusmin. Wekundu wa viota vyake kijiwe kizima tunaujua. Ananunua vyeupe, anavitundika kwenye pipa juu ya kinyesi kibichi cha ndege, anafunika. Mvuke ukivikoleza wekundu anauza, eti ndege katema damu.

"Msinikodolee macho. Mlaji yuko mbali."

"Kasoro mama yake Norlina, mchumba wako," Spika akasema.

Sanduku zima la viota Rusmin alimpelekea mama huyo pamoja na posa.

"Kamwambie, bwana."

"Nimwambie nini? Mama, nilikuletea mvuke wa choo?"

"Choo cha ndege," akasahihisha Mjomba Dokta, muuza dawa za kuchua. "Usijishushe."

"Akininyima binti?"

"Akifa, harusi inasogezwa. Hasara vilevile." Dokta akapuliza kahawa. "Ila mnakuza mambo. Mimi ukinipa bakuli sasa hivi, namaliza."

Hapo hapo mama yake Norlina akatokea na sufuria na bakuli.

"Mwanangu Rusmin, zawadi yako sijaigusa. Kitu cha thamani vile nile peke yangu? Nimekipika na sukari ya mawe. Dokta, nawe karibu."

Dokta akakumbuka ana mgonjwa. Spika akaenda kuangalia spika. Mimi nikainama kufunga kamba za viatu, na nimevaa ndala.

Rusmin akaliangalia bakuli. Akamwangalia mama. Akanywa mpaka tone la mwisho.

Mama akashusha pumzi, akanigeukia.

"Asubuhi redio imesema hivi vyekundu vina sumu. Nikajiambia, kama ni tapeli, anajua anachouza, hatakunywa." Akafuta bakuli kwa kanga yake. "Kumbe hajui kitu, masikini. Mjinga nitamlea. Harusi iko palepale."

Rusmin akaitikia kwa kichwa. Mdomo aliogopa kuufungua.