Mama Anneth, Kompyuta na Nyati Wangu

Jumatatu, 4 Julai 2005

Baridi! Mlima Meru umejifunika ukungu mpaka magotini. Leo tumeanza tiba. Mke wangu, Mama Anneth, hajaniita tangu kiharusi cha Pasaka. Anasikia yote, anaelewa yote, ila maneno yamemkwama. Binti yetu kampata mtaalamu wa usemi, Hedwiga, anayetibu kwa kompyuta akiwa Dar es Salaam. Tumekwenda intaneti kafe ya shemeji Reginald, kaka yake Mama Anneth, pale Sokon One. Picha inatokea, mgonjwa anataja, Hedwiga anatazama kwa kamera.

Nimemtoa hofu Hedwiga. Kompyuta nazijua. Niliwahi kuifungua moja nikaifunga tena, ikawaka, na vyuma vikabaki!

Ikaja picha ya kikombe. Mama Anneth kafungua mdomo. Machozi yakatangulia.

Usiku nimemsimulia nyati niliyemkamata pembe kule juu msituni. Zamani nikifika kwenye pembe tu, sauti ilitoka jikoni: Baba Anneth, huyo nyati mwache apumzike. Leo nimemaliza hadithi yote. Hakuna aliyenikata. Haina utamu.

Jumanne, 5 Julai

Akili ni mali. Nimekaa nyuma ya kiti chake, kofia usoni, nikamnong'oneza. Kijiko. Kijiko, kasema! Ufagio. Kasema! Kompyuta ikalia ting, ting, kama kengele ya kanisani. Hedwiga kashangaa, kasema kesho kutwa anampandisha hatua ya sentensi. Nimemwambia Reginald ni kipaji cha familia yangu. Kaniuliza kipaji hicho mbona kilikomea darasa la nne. Wivu.

Jumatano, 6 Julai

Hedwiga alisema salamu, sala na nyimbo huwa hazipotei haraka, ulimi umezizoea. Nikawaza. Asubuhi nikasimama mbele ya Mama Anneth, nikavua kofia, nikasema shikamoo.

Marahaba!

Safi kabisa! Sauti yake ileile, nzito kidogo, kama ya mtu aliyetoka kulala. Nikatoka, nikaingia, nikamwamkia tena. Marahaba. Tena. Sikumbuki ni mara ngapi. Mwisho kanitupia kitambaa cha meza.

Kumbe Sinyati anayetuletea maziwa alikuwa mlangoni. Kufika jioni Moshono yetu nzima inajua mzee Abdiel anamwamkia mkewe. Reginald kauliza mbele ya wateja kama nimezaliwa upya, na dada yake sasa ni shangazi yangu. Wamecheka mpaka mmoja kakohoa. Wacheke. Wao wake zao wanawaita bure kila siku.

Alhamisi, 7 Julai

Balaa. Sentensi. Nimenong'ona sentensi ndefu, yeye kashika kipande cha mwisho tu. Nikarudia kwa nguvu. Hedwiga kaniuliza, kwa adabu zote, masharubu yale kwenye kamera ni ya nani. Loo! Kasema nimempandisha mgonjwa ngazi isiyo na vipago. Kamrudisha mwanzo. Mimi marufuku kufungua mdomo. Nimsubiri mwenyewe atafute neno, hata likichelewa.

Mama Anneth kalia njia nzima. Sikuwa na hadithi ya kumpa. Nimembebea mkoba wake. Watu wametazama.

Jumatatu, 11 Julai

Leo somo la wanyama. Nimekaa pembeni kama nguzo. Reginald kasimama na wateja wake wawili, wanachungulia. Ikatokea picha. Nyati!

Mama Anneth kamtazama nyati. Kanitazama mimi. Kamtazama nyati. Kimya. Kimya kirefu kuliko mahubiri. Nimevumilia, jamani, mwisho nikashindwa. Nikawaambia wale wateja kwamba kama yule niliwakamata watatu, kwa mkupuo mmoja.

Mbuzi, akasema Mama Anneth.

Kompyuta ikalia vibaya, alama nyekundu. Hedwiga akampa pole, akamwomba ajaribu tena. Reginald katikisa kichwa kwa huruma.

Mama Anneth kaninyooshea mkono wake mzima. Mbuzi, Baba Anneth.

Baba Anneth! Kaniita!

Na ni kweli. Alikuwa mbuzi. Beberu wa mzee Lekishon, aliyenitupa mferejini tukiwa wachumba, na msichana Lydia, ndiye huyu Mama Anneth wa leo, akanivuta mguu nikatoka. Tulikuwa wawili tu. Miaka yote hii hakumwambia mtu, hata kaka yake.

Hedwiga akauliza kama kuna sababu ya kusema mbuzi, maana anaandika kosa. Nikakohoa. Nikamweleza kwamba nyati wa Meru, kwa sababu ya baridi, akiwa mbali hufanana kidogo na mbuzi. Akaandika kosa.

Njiani mdomo wa Mama Anneth ulipinda upande ule mmoja. Alikuwa anacheka.

Nimeshamwomba Hedwiga kesho aweke simba. Yupo mmoja nilimnyonga kule Nduruma kwa mkono wa kushoto, Mama Anneth alikuwepo. Kesho nitasema walikuwa wanne. Wateja wawepo, Reginald awepo.

Nangoja aseme paka.