Boga la Mzani na Picha ya Kellen

Jumanne moja mwezi uliopita, kabla hata kahawa haijapoa, gazeti lilitua mezani pale mkahawani kwa Marlys na kutuharibia kifungua kinywa. Aliyelileta ni Mzani. Huyu ni mtu ambaye habari mbaya ikitoka tu, yeye keshavaa viatu. Kazi yake ni kupima malori ya mahindi kwenye maghala ya nafaka ya kijiji chetu hapa Nebraska, na kwa kuwa mizani ya malori haidanganyi, anaamini na yeye hadanganyi.

"Sikilizeni," akasema, soseji mdomoni. "'Walinzi kumi waliotamba vyuoni wakawa mzigo kwenye ligi ya kulipwa.' Wa nne ni nani?"

Mimi nikakoroga kahawa isiyo na sukari.

"Kellen Vondracek! Kellen wetu! Wa nne nchi nzima!"

Kellen ni mtoto wa hapa, futi sita na inchi saba. Chuoni alicheza mpira wa Kimarekani, mmoja wa yale mabonge matano yanayosimama mstari wa mbele kumkinga mrusha mpira asiangushwe, na kwa miaka minne hapakuwa na mtu wa kumpita. Siku timu ya kulipwa ilipomchagua, tulipiga honi za matrekta mpaka mbwa wakahama. Marlys akatundika picha yake juu ya kabati la keki, na mlo mkubwa kuliko yote pale mkahawani ukapewa jina lake: Sahani ya Kellen, mayai sita, soseji nne, na biskuti, vile vimkate laini vya huku, zilizozama kwenye mchuzi mweupe. Huu ni msimu wake wa pili huko kwa wakubwa, na tangu uanze tulikuwa tunaangalia mechi huku tumefumba jicho moja.

"Ligi ya kulipwa si chuo, bwana," akasema Refa. Huyu alichezesha mechi za shule miaka ishirini na nane, na mpaka leo akitaka chumvi anainua mkono kwanza. "Chuoni unamzuia mtoto mwenye mtihani wa hesabu kesho yake. Kule unamzuia baba wa watoto watatu anayelipia nyumba. Nani ana njaa hapo?"

"Acha kumpamba! Si alisemwa huyu ni ukuta?"

"Alisemwa na nani?"

"Na mimi!" Mzani akapiga meza, uma ukaruka. "Nilimpima kila Agosti tangu ana miaka kumi na minne, juu ya mizani ileile ya malori! Kila dereva aliyepita na mahindi nilimwambia, kumbuka jina hili. Sasa wanapita wananichungulia dirishani: vipi, Mzani, ukuta wako? Mechi tano, mrusha mpira wao kalambishwa nyasi mara saba, na wote waliomlaza walipita kwake!"

"Sikiliza nikwambie. Mlinzi ni kama mlango wa choo," Refa akasema. "Ukifunga vizuri, nani anausifia? Siku ukigoma kufunga, ndo mji mzima unaujua. Mechi ngapi umeangalia hukusikia jina lake?"

"Nyingi."

"Basi hizo ndo alizocheza vizuri. Mbona hizo huzihesabu?"

Marlys akaja na birika, akamsimamia Mzani. "Hebu niambie, unakula nini hapo?"

"Mayai."

"Mayai gani?"

Mzani akaishusha sauti. "Sahani ya Kellen."

"Jamani! Mtu anamla kijana wa watu na huku anamsengenya!"

Tukacheka, ila Mzani si mtu wa kuzimwa na kicheko. Akafungua koti lake na kutoa picha iliyotiwa fremu kabisa. Ilikuwa picha ya boga. Boga la rangi ya chungwa, kubwa kuliko friji ya Marlys, na yeye mwenyewe kasimama pembeni kalikumbatia kama bibi harusi.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," akasema. "Tulimsifu mno yule kijana. Tutundikeni kitu kilichofanya kazi yake. Hili lilitarajiwa pauni mia nane. Likatoa mia tisa na kumi na mbili. Huko ndiko kuvuka matarajio!"

"Nani alilitarajia mia nane?" Refa akauliza.

"Mimi."

"Na nani alilipima?"

"Mimi vilevile."

"Nyani haoni kundule."

Marlys akapanda kigoda. "Hakuna boga litakalokaa hapa. Mcheza kwao hutunzwa. Lakini na hii picha nayo imejaa mafuta, ngoja niifute." Akaishusha. Ukutani ukabaki msumari na pembe nne nyeupe za mahali picha ilipokuwa, na ni wakati huohuo kengele ya mlango ikalia.

Aliyeingia ni Lowell Vondracek, baba yake Kellen. Ni mfuga ng'ombe, na maneno anayosema kwa wiki yanatosha kwenye kisanduku cha kiberiti. Akautazama msumari. Akamtazama Marlys na picha mkononi. Akaitazama picha ya boga iliyolala katikati ya meza. Mimi nikalivuta gazeti na kuliwekea kiwiko, na niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Naifuta tu, Lowell," Marlys akasema.

"Inafutwa, au inafutwa kazi?"

Lowell akavuta kiti, akakaa, akaweka kofia gotini.

"Wa nne. Nimeshaona," akasema. "Mama yake aliniamsha nayo alfajiri. Timu iko mapumzikoni, kijana yuko nyumbani tangu juzi. Leo nimemwambia twende kwa Marlys tukale. Mnajua kaniuliza nini? Kaniuliza, 'Baba, kuna watu?' Tangu azaliwe hajawahi kuniuliza hivyo. Yuko nje kwenye gari sasa hivi. Kaniambia nitangulie."

Refa akainamia kikombe chake.

"We Mzani," Lowell akasema, "unatumia mkono gani kula?"

"Wa kulia. Kwani vipi?"

"Chukua kijiko kwa mkono wa kushoto. Umalize huo mchuzi."

"Kuna ugumu gani hapo?"

"Kula basi."

Mzani akachota. Kijiko cha kwanza kikafika kidevuni. Cha pili kikaishia kwenye kola. Cha tatu sijui kilikwenda wapi, ila Refa alijifuta paji la uso.

"Chuoni miaka minne Kellen alisimama upande wa kushoto," Lowell akasema taratibu. "Kule wamempeleka kulia. Mguu wa nyuma umekuwa wa mbele. Kila kitu mwilini kimegeuzwa, na anayekuja mbele yake ana pauni mia mbili na sabini na anakimbia kama paa. Wewe umeshindwa na biskuti, Mzani. Na biskuti imekaa tu."

Nje lori likapiga honi. Saa moja ilikuwa imefika, mizani ilipaswa kuwa wazi, na ni wiki ya mavuno. Mzani akainuka, akabana picha ya boga lake kwapani, na mlango ukafunguka kabla hajaufikia.

Kellen aliingia ameinamisha kichwa, maana mlango ule haukujengwa kwa ajili yake. "Habari za asubuhi, wazee." Akautazama msumari kama baba yake alivyoutazama. Kisha akaninyooshea mkono mimi. "Naomba hilo gazeti, mzee."

Nilitamani nilimeze. Nikampa. Akasoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari, na mkahawa mzima ukasahau kutafuna.

"Wa nne," akasema.

"Wa nne," Refa akaitikia kinyonge.

Kellen akatikisa kichwa. "Hata kwenye kushindwa wamenipita watatu."

Wa kwanza kucheka alikuwa Lowell. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, na kicheko cha yule mtu sikuwahi kukisikia kabla ya hapo wala sijakisikia tena. Marlys akajifuta macho kwa kitambaa cha kufutia picha. Nje honi zikawa mbili, halafu tatu.

"Hongera, kijana, karibu nyumbani, nipishe nikafanye kazi," Mzani akasema kwa pumzi moja.

"Pita tu, mzee," Kellen akasema, na akakunja magoti mlangoni.

Mzani akajaribu kushoto. Kellen yuko pale. Akajaribu kulia. Kellen yuko pale. Akajifanya anarudi kukaa, akageuka ghafla kwa bega, akajikuta anaitazama keki.

"Tazameni miguu!" Refa akapiga kelele, kasimama juu ya kiti. "Kasimama ule upande wa kulia! Huohuo waliomgeuzia!"

"Refa, ananishika! Hilo si kosa?"

"Mikono iko ndani ya mabega, hiyo ruksa. Mchezo unaendelea!"

Honi zikawa sita. Mzani akahema, mchuzi umemkauka kolani. "Haya! Mnataka nini?"

Marlys akamnyooshea picha, safi, inang'aa. "Panda kigoda. Na mkono wa kulia usiutumie."

Akaliacha boga kwenye kaunta, akaitundika kwa kushoto. Ilimchukua mara nne, na madereva wawili walishuka kuja kuona kilichompata. Alipomaliza, Kellen akasogea pembeni, akamshikia mlango, na kuagiza Sahani ya Kellen, mbili.

Picha imekaa upande mpaka leo. Marlys hataki mtu ainyooshe. Na lile boga la kwenye fremu hakulitupa, ni mama mwenye huruma: amelitundika mlangoni pa choo, mahali ambapo, kama Refa anavyomkumbusha Mzani kila asubuhi, kila mtu analipita.