Kiingereza cha Wakuu wa Nchi

Jumatatu, 3 Juni

Baridi ya kukata masikio. Lakini habari kubwa! Loth, fundi cherehani wa mtaa wa Mazwi, amesikia kwamba marais wawili, wetu na wa nchi jirani, watakutana hapa Sumbawanga Ijumaa. Watatafutwa wakalimani. Asante Yesu! Muda wote huu najifunza simuni Kiingereza cha wakuu wa nchi, na mtaa wetu wote wa Malangali unanicheka. Si kile cha dukani. Katika hiki hamgombani, mna "mazungumzo ya wazi". Na mkuu haombi msamaha. Anasikitishwa na yaliyotokea. Lugha safi sana.

Mke wangu Fortunata anasema mama yake anaumwa huko Mtowisa, bondeni, twende kesho. Nimemwambia atangulie, nitafuata Jumamosi. Amefunga mzigo wake.

Mama mkwe ndiye pekee asiyenicheka. Hajui neno la Kiingereza. Kila nikifika husema, "Baba, hebu wasalimie wale wakubwa nisikie." Nasimama, natoa hotuba, anapiga makofi kama nimehubiri.

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi mbele ya mbuzi. "Yua Ekselensi!" Wamesikiliza vizuri. Kumbe Loth naye anajifunza! Atanipita, sauti anayo. Nimemwambia kwamba wanachukuliwa wenye tai nyekundu tu. Yake ya kijani. Amekimbia kushona nyingine. Mungu wangu, nitaungama.

Usiku Fortunata amepiga. Mama hali si nzuri, anataka ile hotuba. Nikasema amwekee simu sikioni. Nikaanza. Mtandao ukakatika katikati ya salamu. Nitaimalizia Jumamosi.

Alhamisi, 6 Juni

Mama amefariki alfajiri. Raha ya milele umpe, ee Bwana. Nimelia hadi mbuzi wakanyamaza.

Shemeji Wilibrodi, kaka yake Fortunata, amepiga. Mazishi kesho mchana. Niwahi gari la asubuhi, na tafadhali shemeji, usituaibishe. Kesho! Ijumaa! Nimesali rozari nzima kuomba mwongozo. Nimeona hivi: marehemu mwenyewe alinituma niwasalimie wakubwa. Kwa hiyo kubaki ndiko kumtii.

Ijumaa, 7 Juni

Nimesimama kando ya lami na suti ya harusi tangu asubuhi. Loth pembeni na tai nyekundu. Imempendeza kuliko suti yangu. Muda wa mazishi ulipofika nimegeukia upande wa bondeni, nimefanya ishara ya msalaba.

Jioni likapita gari lenye bendera. Nikainama kidogo, kama inavyotakiwa. Lilikuwa la kutangaza sabuni. Askari wa barabarani akauliza, wazee, mnamsubiri nani? Tulipomwambia alicheka akaegemea pikipiki yake. Hakuna marais. Kuna kikao cha madiwani.

Jumapili, 9 Juni

Misa ya kwanza, kisha Mtowisa. Joto, na suti nimevaa. Mpango: wakuu wakikosana hukutana rasmi, tena na mkalimani. Nimemchukua Loth. Amekubali kwa sababu tai bado mpya.

Kwetu mkwe akichelewa msiba anachutama mlangoni. Anapiga makofi taratibu, anasema nimekosa, anasubiri aitikiwe. Hata mtoto anajua. Lakini mkuu wa nchi hachutami! Nimeingia wima, nikamnyooshea mkono baba mkwe, nikamtazama machoni. Mkono ukabaki hewani. Nikatamka kwa Kiingereza kwamba upande wangu unasikitishwa na yaliyotokea na uko tayari kwa mazungumzo. Loth akatafsiri kwa Kiswahili. Kwa watu ninaokula na kuongea nao Kifipa miaka yote!

Wilibrodi akauliza shemeji kawa mzungu lini. Bibi mmoja akasema, jamani, ni uchungu huo, mpeni maji.

Fortunata hakunitazama. Alimgeukia Loth.

"Kaka mkalimani, mwambie mgeni wako kwamba mama aliishika ile simu mpaka alfajiri. Alidhani hotuba inaendelea."

Loth akanigeukia atafsiri. Nikamwambia nimesikia.

Baba mkwe, kwa upole kabisa, akasema neno moja linatosha. Nichutame, nilitamke, nimchukue mke wangu. Magoti yakaanza kukunjika yenyewe. Nikakumbuka somo: kiongozi wa ujumbe hapigi magoti. Nikaomba muda wa kushauriana na upande wangu. Upande wangu ni Loth. Kumbe Loth keshachutama, anapiga makofi, analia kama amefiwa yeye. Wakamwitikia. Wakampa kigoda na ugali wa ulezi.

Mimi nimekaa nje na suti mpaka gari lilipokuja. Loth alishiba. Fortunata amebaki.

Jumamosi, 15 Juni

Nyumba kimya. Nikipika ugali unakuwa mwingi. Jana nimeweka sahani mbili, nikairudisha moja kabatini.

Fortunata ametuma ujumbe. Kwa Loth, si kwangu! Anasema nije siku yoyote, niache suti, nije na viganja vyangu viwili tu. Nimemwambia Loth anisomee tena. Akasoma. Nikalia mbele yake, akanipa kitambaa cha mteja nifutie uso. Akaniambia gari lipo kesho, kaka, nenda.

Nimewasha mshumaa kwa Bikira Maria nikatafakari. Mama yetu hakuniacha, kosa nimeliona. Ni Kiingereza! Lugha ya ubishi ile, haina unyenyekevu. Loth hajui, lakini nimesikia mabalozi wenyewe wakitaka kupatana kweli wanatumia Kifaransa. Nimeshapata mwalimu simuni. Leo tumeanza salamu.

Nikijitahidi, kufika Krismasi nitakuwa tayari kwenda kumchukua mke wangu.