Mashine ya Kufua na Kanuni Saba za Phelista

Jumatatu, 10 Machi 2025

Phelista ameondoka saa mbili asubuhi kwenda Bungoma. Siku nane. Amepewa kazi ya kusimamia wauguzi katika kituo cha afya huko, na amesema anaenda kuionja kwanza. Akirudi akute nyumba imesimama, ataikataa abaki Kitale. Akikuta vinginevyo, atahama. Hakupandisha sauti. Akipandisha sauti huwa sina wasiwasi.

Sitaki ahame. Nimeliandika mara moja, sitalirudia.

Amebandika karatasi kwenye mashine ya kufua. Mashine ni yake, aliinunua zamu yake ya kupokea pesa za chama ilipofika, baada ya kunifulia kwa mikono miaka kumi na nne. Kanuni saba kwa kalamu nyekundu. Toa kila kitu mifukoni. Sabuni ya mashine tu, vijiko viwili. Sikuendelea. Mimi nauza mbegu na dawa za mifugo hapa mjini. Wakulima wazima husimama mbele yangu niwaeleze vipimo vya dawa ya kupe. Leo nifundishwe kijiko?

Habari mbaya: mama mkwe anakuja Jumatano kutoka Sirisia, kuonwa macho hospitalini. Atalala kwa jirani, Mwalimu Kiplangat, maana kwetu Wabukusu mama mkwe halali kwa mkwe wake. Hata mikono hatupeani. Lakini kwa Kiplangat ataona uani kwangu kote. Macho yake ni mabovu kwa vitu vya karibu tu. Vya mbali anaviona hadi Kapsokwony. Najua Phelista amempa kazi ya kuchunguza.

Mpango: mashine inafanya nini bafuni ambako hakuna anayeiona? Itakaa veranda ya nyuma, kioo cha mlango kikitazama kwa Kiplangat. Mama mkwe ataona mkwe wake akifua kisasa. Atampigia binti yake simu. Kazi kwisha.

Nimeisukuma peke yangu. Mgongo unauma.

Jumanne, 11 Machi

Tatizo dogo. Verandani hakuna mfereji wa kuunganishia maji. Nimeazima mpira wa maji wa Kiplangat, ule wa kumwagilia sukuma wiki, wa kijivu kama ule wa mashine wa kutolea maji. Nimeahidi kuurudisha jioni. Stima nimeivuta kwa waya kupitia dirishani.

Vijiko viwili vya sabuni nimeviona ni mzaha. Nimetia ile ya kawaida ya kufulia kwa mkono, vikombe viwili. Uchafu hauogopi vijiko.

Dakika ishirini baadaye, povu. Likatoka kwenye kisanduku cha sabuni, likashuka verandani, likapita chini ya ua, likaingia kwa Kiplangat. Kuku wake watatu walipotea humo wakatokea upande wa pili wakipiga chafya. Kiplangat ni mwalimu mstaafu. Hufua mashati yake mwenyewe kwa karai na kipande cha sabuni, na mashati hayo hung'aa kwa namna ya kumtusi mtu. Alisimama mikono nyuma, akatazama, akauliza kama nafua au nabatiza. Nikamwambia mashine mpya huwa hivyo. Akasema hii amekuwa akiisikia ikinguruma miaka miwili.

Nimepiga deki mara nne. Jioni nilichoka, mpira sikuurudisha.

Jumatano, 12 Machi

Mama mkwe amefika saa sita. Nimejificha nyuma ya tangi la maji, kwa heshima. Jerop, mke wa Kiplangat, ameniletea salamu zake, nami nimerudisha kupitia kwa Jerop huyo huyo.

Mpango wa leo ulikuwa safi kabisa. Nimechukua mashuka meupe ambayo Phelista aliyaacha kabatini, safi, yamekunjwa. Nimeyatia mashineni bila sabuni, yakazunguka, nikayaanika yakiwa meupe kama yalivyoingia. Hakuna hatari. Nimerudia mara tatu ili asikose kuona.

Jerop ameniambia baadaye kwamba mama mkwe aligeuza kiti chake tangu mwanzo, akaupa ua wangu mgongo mchana kutwa. Si vizuri kuchungulia kwa mkwe, alisema. Mbele ya kiti chake palikuwa na kamba ya Kiplangat ya kuanikia nguo. Ameuliza mashati yale yamefuliwa na nani, na alipojibiwa, akasema huyo ndiye mwanamume.

Saa nzima ya maji na stima. Mashuka yale sasa yana harufu ya mbwa, maana moja lilianguka.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya aibu. Naandika yote ili haki ijulikane.

Asubuhi Jerop ameungua mkono kwa uji. Nikaona nafasi yangu imefunguka. Nikaita kwa sauti, ili mama mkwe asikie hata akiwa amenipa mgongo, kwamba nguo za nyumba nzima ziletwe kwangu, jirani ni kufaana. Kiplangat akakataa, akasema yeye ana mikono miwili. Alipoenda dukani, Jerop akaleta gunia la nguo.

Kanuni ya saba, nimeiona leo, inasema usimfulie mtu mwingine. Ya tatu inasema zisijazwe mno, ngumi lazima ipite juu ya nguo. Ngumi haikupita. Nikatumia goti. Na kwa kuwa maji ni ghali, nikaongeza zangu: kaptula ya mistari na koti la kazini. Mifuko ya koti sikuikagua. Koti ni langu, najua kilichomo. Ni sampuli za mbegu za mahindi tu, zile zilizopakwa dawa ya rangi ya waridi. Hubeba konzi moja kila jioni, kwa utafiti.

Mashine ilizunguka, ikaguna, ikasimama. Maji yamejaa, mlango umejifunga. Nikavuta. Nikapiga teke, kidogo. Nikaibembeleza.

Hapo Jerop akaja mbio uani. Mama mkwe anaulizia gauni lake jeupe la akina mama wa kanisa, la kuvaa Jumapili. Nikauliza linanihusu nini mimi. Jerop akasema alilitia gunia moja na nguo zao, pamoja na petikoti. Nikamuuliza kama hajui mila. Akasema anajua, hata kwao ipo, lakini alidhani mashine si mkwe wa mtu.

Tukageuka sote kutazama kioo. Kaptula yangu ya mistari ilikuwa imeikumbatia petikoti ya mama mkwe. Wazi kabisa, kwenye kioo, kikitazama kwa Kiplangat kama nilivyokipanga. Na maji yalikuwa yameanza kuwa ya waridi.

Mama mkwe aligeuza kiti leo, siku pekee niliyotaka anipe mgongo. Akajifunika uso kwa leso, juu ya macho yaliyotiwa dawa asubuhi hiyo hiyo. Nilikuwa hatua tano kutoka kwake, lakini alisema na Jerop. Amwambie huyo mtu kwamba tangu azaliwe hajaoga na mkwe.

Kiplangat alirudi na mkate. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Aliinama akasoma karatasi ya Phelista kwa sauti ile ya darasani: kanuni ya nne, chujio liko chini kulia, lisafishwe kila wiki, tumia sarafu kufungua. Akatumia sarafu. Maji yakatoka, na mbegu nazo, thelathini na saba. Alizihesabu. Mlango ukafunguka wenyewe.

Jerop alitoa gauni kwa mkono mmoja. La waridi lote, na zaidi kwapani.

Ijumaa, 14 Machi

Simu ililia kabla sijanywa chai. Mzee Wakoli, mjomba wa Phelista, kutoka Sirisia. Amesema amesikia nguo zangu na za dada yake zimelala katika beseni moja.

Nimejitetea vizuri sana. Nimesema zilikuwa zinazunguka, hazikulala. Nimesema anayefua ni mashine, mimi sikugusa hata uzi. Akauliza nani aliyebonyeza. Nikasema ni kidole gumba tu. Akasema basi faini ya kuvunja mila ni kondoo, awe dume, na blanketi juu, na hadi nilipe nisikanyage boma la mama mkwe.

Mama mkwe ameondoka saa nne amevaa gauni la Jerop, la buluu, fupi kwake. Nimechungulia kutoka nyuma ya tangi. Alikuwa amebeba lile la waridi kwenye mfuko wa plastiki. Kola yake aliifuma mwenyewe, Phelista aliwahi kuniambia. Nilihisi vibaya kwa muda mrefu kidogo, kama dakika tano.

Halafu nikapata mpango. Ushahidi uondolewe. Nimeisukuma mashine hadi bafuni kama ilivyokuwa, nikaunganisha kila kitu, mpira uliobaki nikautupa stoo. Kanuni ya tano inasema mlango uachwe wazi, raba ipanguswe kwa kitambaa kikavu. Nani huacha mlango wazi Kitale hii? Nimeufunga kabisa, nikafunika mashine kwa kitambaa cha meza, nikaweka na maua ya plastiki juu. Ukiitazama utadhani haijawahi kutumika.

Jumapili, 16 Machi

Bafuni kuna harufu. Si mbaya sana, kama chura. Nimepulizia marashi ya Phelista.

Kanisani pasta ameombea ndoa zilizo majaribuni. Alikuwa anamtazama mtu aliyekaa nyuma yangu. Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Ujumbe wa Phelista: Mama alifika kwangu. Tutaongea. Nimeuchambua mchana wote. Mtu aliyekasirika haandiki wingi. Tutaongea, yaani sisi wawili. Ni dalili njema. Nimepika maharage ya siku mbili kwa furaha.

Jumanne, 18 Machi

Phelista amerudi saa nane. Nyumba imefagiliwa, vyombo vimeoshwa, mimi nimevaa shati lililopigwa pasi. Amenisalimu vizuri. Baba Kim, umekonda, amesema. Kim ni mtoto wetu, yuko shule ya bweni, na nilishukuru hakuwepo.

Akaenda bafuni kunawa. Nikasikia maua ya plastiki yakiwekwa chini. Nikasikia mlango wa mashine.

Nilipoingia alikuwa amechuchumaa. Kwenye mkunjo wa raba, pale panapobaki maji, palikuwa na miche ya mahindi. Minne. Imeota vizuri, urefu wa kidole, majani ya manjano yakitafuta dirisha. Nilipaswa kusema pole. Nikasema hii mbegu ni bora kabisa, imeota bila mbolea.

Phelista akacheka. Akaketi sakafuni akacheka hadi machozi, akanishika goti, nami nikacheka, na kwa Mungu nilidhani nimepona. Hatujacheka hivyo tangu Kim azaliwe.

Halafu akajipangusa. Akasema kwa sauti ya kawaida kwamba ameikubali kazi ya Bungoma. Akasema hata angekuta gauni la mama yake limekuwa la kijani, angesamehe. Lakini miaka kumi na sita anangoja siku moja tu arudi akute jambo moja limefanywa kama alivyoomba. Aliandika kanuni saba ili nichague hata moja.

Nilimwambia kanuni ya sita, ya kutofungua mashine ikizunguka, sikuivunja. Akasema ni kwa sababu mlango hujifunga.

Miche ameing'oa taratibu, akaipanda kwenye kopo dirishani. Sijui kwa nini hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Jumatano, 19 Machi

Nimeamka na mpango. Labda bora kuliko yote.

Pikapu ilikuwa inakuja saa tatu kuchukua mashine, na Phelista nyuma yake. Sasa, mashine bila mpira wa kutolea maji ni nini? Ni ndoo yenye kioo. Phelista alipokuwa akinywa chai, nimeingia stoo, nikauchukua ule mpira wa kijivu, nikauficha chini ya kitanda ndani ya gunia la mbegu. Atafika Bungoma, atakwama, atalazimika kurudi. Akirudi, nitakuwa nimejiandaa. Tutaongea kwa wingi.

Wameipakia. Kabla ya hapo Phelista alikuwa amechomoa vitu fulani nyuma ya mashine akavifunga kwa taulo na kuvitia ndani. Sikuuliza. Sikutaka aone nimetulia mno. Aliniaga kwa mkono, akanishika muda, akasema karai liko chini ya sinki na sabuni ya kipande iko juu. Nilikuwa karibu kumwonea huruma, kwa yanayomngoja.

Saa kumi na moja amepiga simu. Amefika salama. Mashine imeunganishwa, imefua mzigo wa kwanza, na maji yametoka vizuri bila kumwagika hata tone. Gauni la mama limeanza kurudia weupe wake. Masikini Phelista. Sauti ilikuwa imetulia kabisa, lakini mimi namjua, anajikaza. Nampa wiki moja.

Kiplangat amepita jioni kuuliza kama nimeuona mpira wake wa maji, sukuma zake zinakauka. Nimemwambia sijauona. Nimemshauri, kama jirani, awe anaandika kanuni na kuzibandika mahali, maana watu wengine hawajui kutunza vitu.