Nilivyomsaidia Shekina Kusomea Nyumbani

Jumatatu, 9 Februari

Upepo wa Jumamosi umeng'oa paa la shule ya Shekina. Bati moja limeonekana kwenye shamba la mihogo, mengine hayajulikani yalipo. Leo prefe, yaani mkuu wa shule, alituita uwanjani sisi wazazi wa darasa la sita la sekondari. Akasema watoto watasomea nyumbani mpaka paa lirudi. Walimu watatuma masomo ya sauti kwenye WhatsApp. Ijumaa ya wiki ijayo kila mtoto atapigiwa simu aulizwe maswali ya kemia. Asiyejibu vizuri, jina lake haliendi kwenye orodha ya Exetat, mtihani wa taifa. Atarudia mwaka mzima.

Wazazi wengine walinung'unika. Mimi hapana. Kazi yangu ni kupima malori ya madini kiwandani, na sasa niko likizo mpaka Machi. Binti yangu ana miaka kumi na saba. Tangu utoto anasema atakwenda Lubumbashi kusoma kemia. Atashindwaje, na baba yake yuko nyumbani mchana kutwa?

Jirani yetu Germain alikuwepo. Mwanawe Ricky yuko darasa moja na Shekina. Nilimuuliza yeye amepanga nini. Akasema mtoto atasoma. Basi, akaishia hapo. Mtu akijibu hivyo ujue anaficha jambo.

Jumanne, 10 Februari

Nimepiga firimbi saa kumi na moja asubuhi. Shekina alitoka mbio akidhani wezi wameingia. Nikamwambia avae sare. Akauliza nani atamwona. Nikasema elimu inamwona. Meza nimeigeuza itazame ukuta, ili macho yasitoroke dirishani.

Cherehani ya mke wangu nimeihamishia barazani. Albertine hushonea watu, na ile mashine ina kelele. Aliuliza mvua ikinyesha vitambaa vya wateja vitakwenda wapi. Nikasema mtoto kwanza. Nilipotoka chooni, cherehani ilikuwa imerudi ndani.

Jumatano, 11 Februari

Simu ya Shekina sasa naishika mimi. Nachuja ujumbe wa upuuzi kabla haujamfikia. Kazi ngumu, watoto hawa wanaandikiana kama wanalipwa.

Jioni aliuliza somo la Profesa Adolphe liko wapi. Huyo ndiye mwalimu wa kemia. Kumbe nimelifuta. Lakini sauti ile ilianza na mtu anacheka! Mwalimu gani anaanza somo kwa kicheko? Ikabidi binti yangu aende kwa Germain kusikiliza kwenye simu ya Ricky. Alikaa huko muda mrefu. Alirudi amechangamka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ijumaa, 13 Februari

Nimempeleleza Germain. Nilipanda juu ya ndoo nikachungulia ng'ambo ya ukuta wake. Ricky alikuwa anasoma kivulini. Germain anatengeneza baiskeli upande mwingine wa kiwanja. Mara moja tu aliinuka, akampelekea mtoto chai, akarudi kwenye baiskeli yake. Hakumuuliza swali hata moja. Hakutazama hata daftari.

Haiwezekani kuwa ni hivyo tu. Nilijinyoosha nione vizuri, ndoo ikapinduka. Kutoka upande wa pili Germain aliuliza kama nimeumia. Nikamjibu namtafuta kuku. Sisi hatufugi kuku.

Jumatatu, 16 Februari

Mtandao umekuwa dhaifu tangu jana. Masomo yanaingia nusu nusu. Nimefunga simu kwenye mti mrefu wa kuangulia maparachichi, nikausimamisha juu ya tangi la maji. Masomo yakaingia yote mfululizo. Nilishuka nimwite Albertine aje aone. Hapo mvua ikaanza.

Tumeifukia simu ndani ya mchele. Shekina amekaa kando ya sufuria, anaitazama kama mgonjwa. Mtihani ni Ijumaa, na ile ndiyo namba aliyonayo profesa.

Jumatano, 18 Februari

Simu imefufuka. Ila kile kispika cha sikioni kimekufa. Sasa ukipigiwa, sauti inatoka kwa nguvu, chumba kizima kinasikia. Shekina alihuzunika. Mimi nimefikiri, nikaona ni bahati. Maana yake maswali ya Ijumaa nitayasikia na mimi.

Nimeanza kusoma kitabu chake cha kemia. Siyo kigumu sana. Vitu vingi ni oksijeni.

Ijumaa, 20 Februari

Profesa Adolphe alipiga saa nne. Shekina alikuwa mezani, peke yake kadiri alivyojua. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya rido, pazia la mlango wa chumbani, kitabu mkononi. Swali la kwanza alijibu. La pili alijibu, tena kwa maelezo marefu mpaka profesa akasema vizuri sana. La tatu: ni gesi gani ikipita kwenye maji ya chokaa inayafanya yawe kama maziwa?

Kimya. Nilimwona kupitia upenyo wa rido. Anatazama juu, midomo inacheza. Nikahesabu moyoni. Bado kimya. Niliona Lubumbashi inaondoka, niliona mwaka mzima unarudiwa, nikamwona Germain anatuletea chai ya pole.

Nikanong'ona: oksijeni.

Sauti yangu si ndogo. Nimezoea kuita madereva wa malori.

Kisha profesa akauliza polepole: “Shekina, kuko muntu pembeni yako?”

Binti yangu hakugeuka.

“Iko Papa, Profesa. Nyuma ya rido.”

Simu ikakatwa. Wala haikuwa oksijeni.

Jumamosi, 21 Februari

Ujumbe wa prefe umeingia asubuhi. Jina la Shekina limetolewa kwa sababu ya udanganyifu. Orodha inakwenda Lubumbashi Jumatano.

Hakulia. Ningependa alie. Amekaa pembeni ya cherehani ya mama yake, anamkatia nyuzi. Nilimwita mara mbili, akaitika kwa heshima, hakuinua macho. Niligeuza meza itazame dirisha kama zamani. Hakuna aliyeiona.

Albertine alisubiri mpaka tubaki wawili. “Papa Shekina, minye sitasema mengi. Ile jina, weye njo uliitoa. Utairudisha.”

Jumapili, 22 Februari

Baada ya misa Germain alinifuata. Ameshasikia. Akajitolea kunisindikiza kwa prefe kesho. Nikamshukuru, nikamwambia nina mpango wangu.

Mpango ni huu: nilikuwa natengeneza fimbo ya rido, nikijisomea kitabu changu kwa sauti ya chini. Sura ile ikataja oksijeni. Bahati mbaya ya kawaida. Nimejaribu kuisema mbele ya kioo. Inakubalika.

Jumatatu, 23 Februari

Prefe amehamia kwenye chumba cha walinzi maana ofisi yake haina paa. Profesa Adolphe alikaa pembeni yake. Nilieleza habari ya fimbo na kitabu mpaka mwisho. Walinisikiliza kwa adabu. Prefe akauliza fimbo ya rido hutengenezwaje na mtu aliyeshika kitabu. Nikasema kwa mkono mmoja.

Profesa akatoa simu yake. Kumbe mitihani yote ilirekodiwa. Nikajisikia mwenyewe: oksijeni. Chumba kilikuwa kidogo na neno likakijaza chote. Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru mtu angecheka. Prefe akafunga faili lake na kusema anasikitika, sheria ni sheria. Nikaanza kuinuka.

Ndipo mlango ukagongwa. Shekina. Germain alimleta kwa baiskeli, na nilimwona amebaki getini ameishikilia. Binti yangu alisalimia, akasimama wima.

“Prefe, muniulize sasa. Apa apa. Yote munayotaka. Lakini Papa atoke.”

Prefe alimtazama profesa. Profesa akamtazama Shekina, kisha akaniangalia mimi. Nilitoka.

Mlinzi hakuniruhusu kukaa karibu na dirisha. Nilijaribu upande wa nyuma, akanifuata. Mwishowe akanifikisha nje ya geti kabisa, kwa Germain. Mafundi walikuwa wanapigilia mabati mapya, sikuweza kusikia chochote, hata sauti yake. Germain alinipa karanga. Hakuuliza kitu. Tulikaa hivyo, na nitaandika hapa tu, mahali asipoona: ilinisaidia.

Alipotoka, nilimtazama usoni nisome. Sikusoma kitu. Akanipita, akasema profesa amemuuliza kitabu kizima na amejibu. Jina limerudi. Ila kuna sharti la prefe: mpaka paa liishe na mitihani ya simu iishe, baba asilale wala asishinde kwenye nyumba ile.

Tulirudi kwa miguu, Germain akatutangulia na baiskeli yake. Shekina alitembea mbele yangu. Karibu na nyumbani alisimama akanisubiri.

“Papa, ile jibu nilikuwa ninaijua. Nilikuwa ninawaza tu.”

Nikambebea mkoba, ingawa ulikuwa mtupu.

Alhamisi, 26 Februari

Kambove, kwa dada yangu Clotilde. Nimepewa chumba kizuri. Albertine ameandika kwamba orodha imekwenda jana, jina limo, na kwamba leo asubuhi Shekina amefanya mtihani wa hesabu kwa simu na kupata alama za juu darasani. Ricky ni wa pili. Nimesoma ujumbe huo mara nyingi. Machozi yalinijia, sikuyazuia.

Nimetafakari sana mambo haya, kama mtu mzima anavyopaswa. Ni wazi kwamba bila msingi nilioujenga mimi wiki mbili hizi, mtoto asingefika pale. Prefe hawezi kuliona hilo. Hana uzoefu wa mizani.

Ijumaa, 27 Februari

Clotilde ana binti, Jessy, miaka kumi na minne. Yuko nyumbani anauguza mguu aliovunja, anasoma kwa masomo ya redio. Kila asubuhi anaweka redio dirishani, anaandika kimya kimya. Anafanya vizuri, mama yake anasema. Hasumbui mtu.

Nimesikiliza naye jana. Redio inakwaruza kidogo kwenye herufi s. Mtoto amezoea, maskini, hajui kwamba inaweza kuwa bora zaidi.

Clotilde amekwenda sokoni. Jessy bado amelala. Nimeifungua redio kwa kisu cha mezani na kuhamisha waya mmoja uliokuwa mahali pabaya. Nimeifunga tena. Zimebaki skrubu kadhaa mkononi ambazo sioni zilikotoka, na kitu kimoja chekundu, kidogo.

Somo lake linaanza saa mbili. Sasa ni saa moja na nusu. Muda upo wa kutosha.